Tangi Dogo la Matumbawe: Matatizo ya Anayeanza na Vyanzo Vyake

Tangi la kioo lenye maji ya bahari, mawe machache, samaki wawili watatu na kipande cha tumbawe ni miongoni mwa vifaa bora vya kufundishia bayolojia na kemia katika shule ya sekondari. Ndani yake mwanafunzi aweza kuyaona kwa macho yake mambo ambayo kwa kawaida huyasoma ubaoni tu: usanisinuru, upumuaji, uozo wa mabaki, na ushirikiano wa viumbe wawili wa aina mbali mbali. Hata hivyo si ajabu tangi la namna hii likose kumaliza hata muhula mmoja. Samaki hufa katika juma la kwanza au la pili, maji hugeuka meupe kana kwamba yametiwa maziwa, mawe hufunikwa na utando, na hatimaye kioo hurudishwa stoo kikiwa kikavu.

Hasara hiyo si ya fedha peke yake. Viumbe wengi watiwao katika matangi ya maji ya chumvi hutolewa katika miamba hai ya bahari. Tangi likifa mara tatu na kujazwa upya mara tatu, mwamba umepokonywa mara tatu. Kwa hiyo kujua kwa nini viumbe hufa ni wajibu unaotangulia ule wa kuwatia ndani ya maji.

Aghalabu lawama hutupiwa "maji mabaya" au "samaki dhaifu". Majibu hayo hayafundishi kitu. Kwa hakika vyanzo vya matatizo ya anayeanza ni vichache, na karibu vyote vyaweza kugunduliwa kwa kipimajoto, haidromita, dawa za kupimia maji, na daftari.

CHOMBO KIDOGO, MABADILIKO MAKUBWA

Baharini samaki mmoja huzungukwa na maji yasiyo na kikomo. Uchafu wake huchukuliwa na mkondo, na joto la adhuhuri huenea katika kina kirefu. Ndani ya tangi la lita 80 hakuna pa kukimbilia. Kipande kimoja cha chakula kilichosahauliwa nyuma ya jiwe chatosha kubadili maji yote, na dirisha lililoachwa wazi mbele ya jua la mchana laweza kupandisha joto kwa muda wa saa chache. Ndiyo maana tangi dogo, ingawa ni rahisi kulinunua, ni gumu zaidi kulitunza kuliko kubwa. Anayeanza asitumie chombo cha chini ya lita 80 ikiwa aweza kupata kikubwa zaidi.

Jambo hili liligunduliwa mapema. Mnamo mwaka 1846 mwanamke Mwingereza, Anna Thynne, alichukua matumbawe kutoka pwani ya Torquay na kuyapeleka London, mbali na bahari. Hakuwa na pampu wala umeme. Ili kuyapatia maji hewa, aliyafanya yamiminwe kutoka chombo kimoja hadi kingine mbele ya dirisha lililo wazi. Kwa njia hiyo viumbe wake waliishi muda mrefu kuliko ilivyodhaniwa kuwa yawezekana. Miaka michache baadaye, mwaka 1854, Philip Henry Gosse alitoa kitabu kilicholieneza neno "aquarium", na watu wengi wa Uingereza wakaanza kufuga viumbe wa bahari majumbani. Matokeo yake hayakuwa mema yote: mwanawe, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 jinsi vidimbwi vya pwani vya Devon vilivyomalizwa na wakusanyaji. Funzo hilo lafaa kukumbukwa na kila shule iliyo karibu na bahari.

TATIZO LA KWANZA: SAMAKI HUFA KATIKA MAJUMA YA MWANZO

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote, na chanzo chake hakionekani kwa macho. Maji huweza kuwa maangavu kabisa ilhali yamejaa sumu.

Samaki hutoa amonia kupitia mashavu yake, na chakula kilichooza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu kali. Katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni kati ya 8.1 na 8.4, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika hali ya sumu kuliko katika maji yaliyo karibu na pH 7. Karibu mwaka 1890 Sergei Winogradsky alionyesha kwamba wapo bakteria wanaopata nishati yao kwa kuoksidisha amonia. Kundi la kwanza huigeuza kuwa nitriti, na kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo sana.

Bakteria hao hukaa juu ya mawe, katika mchanga na ndani ya chujio. Katika tangi jipya ni wachache mno, nao huongezeka polepole. Kwa kawaida huhitaji majuma manne hadi sita kabla ya kuweza kuisafisha amonia yote inayotolewa kila siku. Anayetia samaki siku ya pili baada ya kujaza maji huwatia katika chombo kisicho na choo.

Dawa yake ni subira. Tangi lijazwe maji, mchanga na mawe, pampu iwashwe, kisha kitiwe kipande kidogo cha kamba au chembe za chakula cha samaki bila kutia samaki yeyote. Amonia itapanda, kisha itashuka nitriti ikianza kupanda. Nitriti nayo itashuka, na nitrati itaonekana. Siku ambayo amonia na nitriti zote mbili zitasoma sifuri, hata baada ya kutia chakula kidogo, tangi liko tayari kumpokea samaki mmoja mdogo. Wa pili asitiwe mpaka majuma kadhaa yapite, maana bakteria nao wahitaji muda wa kuongezeka kulingana na mzigo mpya. Konzi moja ya mchanga kutoka tangi lingine la zamani lenye afya hufupisha safari hii. Kuvunja mawe hai mwambani kwa ajili hiyo hakufai. Mawe makavu ya chokaa yaliyosafishwa vizuri yatakaliwa na bakteria hao hao.

Maji yakigeuka meupe katika siku za mwanzo, mara nyingi ni bakteria wa namna nyingine waelea majini, walioongezeka ghafla kwa kula mabaki. Weupe huo huondoka wenyewe. Kosa ni kumwaga maji yote na kuanza upya, kwani kufanya hivyo hurudisha kazi nyuma.

TATIZO LA PILI: CHUMVI HUPANDA BILA KUTIWA

Maji ya bahari huwa na wastani wa gramu 35 za chumvi katika kila lita, na haidromita husoma karibu 1.025. Maji yakivukizwa, ni maji peke yake yaendayo hewani; chumvi yote hubaki. Jambo hili ni rahisi, lakini ndilo linalosahauliwa zaidi.

Chukua tangi la lita 80. Chumvi yake ni 80 × 35, yaani gramu 2,800. Ikiwa lita moja huvukizwa kila siku, baada ya siku 10 zitabaki lita 70 zenye gramu zile zile 2,800, yaani gramu 40 kwa lita. Sasa mwanafunzi aliye karibu na pwani aona maji yamepungua, achota lita 10 baharini na kujazia. Ameongeza gramu 350, na chumvi ya tangi sasa ni gramu 3,150 ndani ya lita 80, yaani zaidi ya gramu 39 kwa lita. Akirudia hivyo baada ya siku 10 nyingine, itakaribia gramu 44. Matumbawe hujikunja, konokono huacha kutembea, na samaki hupumua kwa shida. Naye mwanafunzi ashangaa, kwa kuwa hakutia ila maji safi ya bahari.

Kanuni ni hii: maji yaliyovukizwa hurudishwa kwa maji yasiyo na chumvi; maji yaliyochotwa na kumwagwa hurudishwa kwa maji ya bahari. Alama ya kalamu kwenye kioo huonyesha kimo kinachotakiwa, na kujazia kufanywe kila siku kwa kiasi kidogo.

Maji ya kujazia yachaguliwe kwa uangalifu. Maji ya bomba huenda yakawa na klorini, ambayo ni sumu kwa samaki na kwa bakteria. Maji ya mvua yaliyopita juu ya bati huweza kubeba zinki. Maji yaliyotoneshwa katika maabara hufaa, mradi hayakupitia mabomba ya shaba, kwani shaba hata kwa kiasi kidogo huua konokono, kamba na matumbawe. Maji ya bahari yenyewe yachotwe wakati yamejaa, mbali na midomo ya mito na mifereji ya mji, wala si mara baada ya mvua kubwa za masika.

Haidromita nayo yaweza kudanganya. Viputo vya hewa vikiishikilia huinyanyua, ikasoma zaidi ya kweli; na kila haidromita imesanifiwa kwa joto fulani lililoandikwa juu yake. Ipigwe kidole taratibu kuondoa viputo kabla ya kusomwa.

TATIZO LA TATU: JOTO NA UPUNGUFU WA OKSIJENI

Viumbe wa miamba ya tropiki hustawi katika maji ya nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi. Kwa shule za pwani ya Afrika Mashariki tatizo si kuyapasha maji joto, bali ni kuyapoza. Tangi lisiwekwe mahali papigwapo na jua, na mfuniko wa kioo ulioziba kabisa uondolewe, badala yake uwekwe wavu. Feni ndogo ikipuliza juu ya maji hushusha joto kwa nyuzi mbili au zaidi kwa njia ya mvukizo. Lakini mvukizo ukizidi, kazi ya kujazia nayo huzidi.

Joto lina athari ya pili. Kadiri maji yanavyopata joto ndivyo yanavyoshika oksijeni kidogo, na chumvi huipunguza zaidi. Kwa nyuzi 25, maji matamu huweza kushika karibu miligramu 8.3 za oksijeni kwa lita, ilhali maji ya bahari hushika karibu 6.7 tu. Wakati huo huo, kiumbe aliyepata joto huhitaji oksijeni zaidi. Hivyo haja hupanda akiba ikishuka.

Saa ambayo dalili hutokea ni ushahidi mkubwa. Samaki wakihema juu ya maji alfajiri, kisha wakatulia kufikia saa nne asubuhi, yafaa kushuku oksijeni kabla ya ugonjwa. Usiku mwani haufanyi usanisinuru, lakini wote waliomo tangini wanaendelea kupumua. Oksijeni huwa ndogo kabisa kabla ya mapambazuko, na pH pia hushuka kwa sababu ya hewa ya kaboni dayoksaidi. Tiba ni kuuelekeza mdomo wa pampu juu ili uso wa maji utikisike.

Umeme ukikatika, njia ya Anna Thynne ingali inafaa. Maji yachotwe kwa kikombe cha plastiki na kumiminwa tena kutoka juu, mara nyingi kwa zamu za wanafunzi, mpaka umeme urudi. Chakula kisitolewe wakati huo.

TATIZO LA NNE: UTANDO NA MWANI

Katika majuma ya kwanza mchanga hufunikwa na vumbi la rangi ya kahawia. Hizi ni diatomu, viumbe wadogo wenye gamba la silika. Silika iliyomo majini ikipungua, nazo hupungua zenyewe. Hakuna haja ya dawa.

Nyuzi za kijani zinazositawi juu ya mawe, au utando mwekundu wa kuteleza unaofanywa na sayanobakteria, ni jambo jingine. Hivi hustawi palipo na nitrati na fosfati nyingi, na chanzo cha kawaida ni mkono unaolisha. Samaki wapewe kile tu wanachoweza kumaliza kwa dakika moja au mbili. Taa iwashwe saa nane hadi kumi kwa siku. Mwani ung'olewe kwa mkono na kutolewa nje ya tangi, maana ukiachwa ufie ndani hurudisha majini kila ulichokichukua.

Maji nayo yabadilishwe kwa kipimo. Ikiwa nitrati ni miligramu 40 kwa lita na asilimia 20 ya maji ikabadilishwa kwa maji yasiyo na nitrati, itashuka hadi 32, kisha 25.6, kisha 20.5 hivi. Kila mara hubaki asilimia 80 ya iliyokuwepo, wala haifiki sifuri kamwe. Kwa hiyo kubadilisha maji hakuwezi kushinda kulisha kupita kiasi. Wala haifai kubadilisha nusu ya maji kwa siku moja ili kuharakisha, kwani mabadiliko ya ghafla huwadhuru viumbe kuliko nitrati yenyewe.

TATIZO LA TANO: TUMBAWE LIMEJIKUNJA AU KUWA JEUPE

Tumbawe si mmea wala si jiwe. Ni kundi la wanyama wadogo waitwao polipu, na ndani ya miili yao huishi mwani wa seli moja. Mwani hupata makao na virutubisho; polipu hupata sukari iliyotengenezwa kwa nuru. Tumbawe likipata joto jingi au nuru kali ya ghafla, humpoteza mshirika huyu, na kwa kuwa rangi nyingi ni ya mwani, hubaki jeupe. Bado li hai, lakini lina njaa. Ndilo jambo lililotokea katika Bahari ya Hindi mwaka 1998, joto la maji lilipopanda, na eneo kubwa la miamba ya magharibi mwa bahari hiyo likafa. Tangi lililopata joto mno ni mfano mdogo wa msiba huo.

Tumbawe lililojikunja bila kubadili rangi lina sababu nyingine. Huenda chumvi imebadilika, mkondo ni dhaifu mno au mkali mno, au jirani yake analichoma, kwani matumbawe hupigania nafasi kwa nyuzi zenye sumu. Lichunguzwe jambo moja baada ya jingine, na lisihamishwe kila siku.

Matumbawe magumu hujenga mifupa yao kwa kalsiamu kabonati. Maji ya bahari huwa na karibu miligramu 410 za kalsiamu kwa lita, na katika tangi akiba hiyo hupungua. Maji ya chokaa ya maabara, yakidondoshwa tone kwa tone wakati wa usiku, hurudisha kalsiamu na kuzuia pH isishuke. Yakimwagwa kwa mkupuo mmoja huipandisha pH ghafla na kuua.

Matumbawe magumu yote yanalindwa na Orodha ya Pili ya Mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe kati ya nchi na nchi. Shule isichukue tumbawe wala kiumbe kingine mwambani kabla ya kupata idhini ya afisa wa uvuvi wa mahali. Tangi la mwaka wa kwanza laweza kufundisha mengi likiwa na konokono, kamba na samaki mmoja tu.

TATIZO LA SITA: WAGENI WANAOLETA MARADHI

Vidoa vyeupe kama chembe za chumvi juu ya mapezi husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho Cryptocaryon irritans. Kimelea hiki huacha mwili wa samaki, hujificha chini katika ganda, hugawanyika, kisha watoto wake hutoka kutafuta samaki mwingine. Vidoa vikitoweka kwa siku chache, si dalili ya kupona. Dawa za shaba humuua, lakini huwaua pia konokono na matumbawe. Kwa hiyo samaki mgonjwa hutibiwa katika chombo cha peke yake. Bora zaidi ni kila samaki mgeni akae mbali na wenzake kwa muda wa mwezi.

Wapo pia viumbe wasiofaa kabisa kwa tangi dogo. Jongoo bahari wa aina fulani hutoa sumu wanapokufa, na pweza hutoka hata katika upenyo mdogo.

UTARATIBU WA KUTAFUTA CHANZO

Kabla ya kutia dawa yoyote, vipimo vichukuliwe kwa mpangilio huu: joto, chumvi, amonia, nitriti, pH, kisha nitrati. Vitatu vya kwanza hufichua sehemu kubwa ya misiba ya anayeanza. Kisha jambo moja tu libadilishwe, na matokeo yangojewe. Anayebadilisha taa, chakula na maji siku moja, hata tangi likipona, hatajua kilicholiponya.

Daftari liwe na tarehe, saa, vipimo, maji yaliyojaziwa, chakula, na lolote lililoonekana. Na kwa kuwa maji ya chumvi hupitisha umeme kwa urahisi, mkono usitiwe majini kabla ya kuchomoa plagi, na waya wa kila kifaa uning'inie chini ya soketi ili matone yasiifikie.

KAZI YA DARASANI

1. Pima pH ya tangi saa moja asubuhi, saa sita mchana na saa kumi jioni kwa siku tatu. Chora grafu na ueleze umbo lake.

2. Tangi la lita 120 lina gramu 35 za chumvi kwa lita. Lita 15 zimevukizwa. Je, chumvi ni gramu ngapi kwa lita? Itakuwa ngapi ikiwa litajaziwa maji ya bahari, na ikiwa litajaziwa maji yasiyo na chumvi?

3. Chora mstari wa amonia, wa nitriti na wa nitrati kwa majuma sita ya tangi jipya. Onyesha siku ambayo samaki wa kwanza angeweza kutiwa, na utoe sababu.

Wahenga walisema kuwa subira ni ufunguo wa faraja. Shule itakayongoja majuma sita mbele ya tangi lisilo na samaki, ikipima na kuandika, itakuwa imejifunza sayansi zaidi kuliko ile iliyolijaza siku moja na kulizika baada ya juma. Na mwamba wa bahari utakuwa umebaki na viumbe wake.